Hodi ya Mwenye Nyumba

Mwanamize alisimama pembeni mwa ukumbi alioubuni mwenyewe, akisubiri kufukuzwa. Mzee Sempombe alikuwa ameagiza ukumbi wa kuwaacha wageni midomo wazi: marumaru, vioo, taa kubwa ya kuning'inia. Yeye alimpa kuta nyeupe za chokaa, dari ya juu yenye tundu moja la kupitishia jua, na chini ya tundu hilo jiwe la kusagia, alilolichimbua kwenye kifusi cha kibanda kilichobomolewa kupisha nyumba hii ya shamba.

Mzee aliingia na viatu vyake vya vumbi, kwa kishindo, kama alivyozoea kuingia kila mahali.

"Mapambo yako wapi, binti? Huu ni ukumbi au gha..."

Hakumaliza. Jua lilikuwa limefika tunduni. Likashuka taratibu, likatua kwenye bonde la jiwe, pale palipolika kwa miaka ya kusaga mtama, likajaa humo kama maji.

"Hili ni la mama," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mwenye mali.

"Ndilo, Mzee. Nimeona marehemu ndiye awapokee wageni."

Mzee akarudi kinyumenyume mpaka nje. Akavua viatu. Akasimama mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

"Hodi," akaita.

Ukumbi ukaipokea sauti ile, ukaipandisha mpaka darini. Mwanamize alijua kujibu si kazi yake. Alijibana ukutani, naye akasikiliza.