Gari Moja kwa Mwezi

Zilibaki dakika arobaini tu Ruphin awe huru, na ndipo pua ya gari la buluu ikachomoza kwenye kona ya kanisa.

Alilaani kimoyomoyo, akakimbilia mashine ya kuchajia magari ya umeme. Akabonyeza kitufe chekundu cha hatari, taa za kijani zikazimika. Kisha akachukua kipande cha boksi alichokiandika tangu asubuhi, EN PANNE, yaani mbovu, akakitundika kwenye waya. Alipogeuka alikuwa ameshavaa uso wa mtu aliyefiwa.

Kituo kilikuwa kizuri, hilo hakuna wa kulikana. Serikali ilijenga kibanda hapa Panda, mjini Likasi, ikaezeka paa, ikaleta umeme usiokatika, bure kabisa kwa kila mwenye gari la umeme. Walichosahau kuuliza ni kama Likasi ina magari hayo. Bango la langoni lilitamka wazi kwamba kituo kitakachomaliza mwezi mzima bila gari hata moja kitafungwa. Mkataba wa Ruphin uliongeza jambo ambalo bango halikulisema: kikifungwa, yeye atahamishiwa kituo cha Lubumbashi.

Na Lubumbashi ndiko alikokuwa mkewe, Marlène, na binti yao Estelle wa miezi kumi. Ruphin alilinda kituo peke yake, siku saba kwa juma, na ruhusa aliipata mara moja kwa miezi mitatu. Mara ya mwisho alipombeba mtoto, mtoto alimlilia kama mgeni, akatulia alipochukuliwa na jirani. Iliuma. Tangu siku hiyo hakuomba kitu kingine kwa Mungu ila mwezi mmoja usio na gari.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya majaribio, haikuhesabiwa. Ruphin alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake wakati Mama Suzanne alipotokea, mjane, mwalimu mstaafu, na gari jipya la buluu ambalo viti vyake vilikuwa bado na plastiki. Aliliendesha kama anayehesabu mawe ya barabarani. Alikaa nyuma ya kanisa tu, hakuenda popote, na bado kila mwanzo wa mwezi alikuja. Hii sasa ilikuwa mara ya tisa. Majivuno ya kizee, Ruphin alijisemea.

Mwezi huu, hadi leo, alikuwa hajaja. Watu walisema amelazwa, tena hali si nzuri. Ruphin alimhurumia, kweli, lakini usiku alilala akitabasamu, na asubuhi akajionea aibu. Mwezi ulikuwa unafungwa leo, saa kumi na moja, pamoja na lango.

Mama Suzanne akashuka garini taratibu. Mkononi alikuwa bado na bandeji ya dripu.

"Jambo, mwana yangu."

"Jambo, mama. Pole na ugonjwa. Lakini mashine imekufa. Courant haipite, hakuna umeme."

Mama akashika mlango wa gari asianguke. "Imekufa? Leo? Leo ni le trente et un, mwisho ya mwezi!"

"Mukuye kesho, mama."

"Kesho itanisaidia nini?"

Ruphin akachungulia ndani ya gari. "Mama, batterie yenu iko na quatre-vingt-quatorze, karibu inajaa. Inatosha kufika mpaka Lubumbashi!"

"Sikukuuliza ile."

Akavaa miwani. Akaanza kusoma maelezo yaliyobandikwa kwenye mashine, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia, kama anayesahihisha daftari. Ruphin alisimama nyuma yake, jasho likimtoka. Kidole kikafika chini, kikasimama.

"Hapa banaandika: geuza bouton nyekundu kwa mukono ya kuume."

Akakigeuza. Taa za kijani zikawaka zote. Ruphin akaona lango, ukuta na paa, vyote vinamsogelea.

Akakitungua kile kipande cha boksi. Akachomeka waya mwenyewe. Mashine ikanguruma, ikaandika tarehe na saa, ikapeleka taarifa makao makuu ya Lubumbashi yenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa.

"Kule Lubumbashi bameona?" Mama Suzanne akauliza.

"Bameona, mama."

Mama akashusha pumzi, akakaa kwenye benchi. Hapo Ruphin akashindwa kujizuia.

"Mama, ni sababu gani? Munatoka ku lopitalo juu ya courant kidogo hivi? Juu ya nini?"

Mama Suzanne akamvuta mkono, akamketisha karibu naye.

"Bwana yangu alitumika kazi ku usine, kule kiwandani, myaka makumi mbili. Siku moja bakafunga mulango, bakamupa karatasi moja tu. Miezi tatu, tukamuzika. Hakukuwa ugonjwa, mwana yangu, ilikuwa kukosa kazi." Akanyoosha kidole langoni. "Basi hapa nikasoma ile bango. Nikakuona weye, kijana, na picha ya mutoto umebandika ku ukuta. Nikasema hapana, huyu habatamufukuza. Nikamuandikia mutoto wangu Octave kule Kanada, nikamuambia anitumie motokari ya courant. Minye sikujuaka hata kuendesha. Nilijifunza juu yako, usikose kazi."

Ruphin akafungua kinywa. Angeweza kumweleza yote, sentensi mbili zingetosha. Lakini mkono wenye bandeji ulikuwa juu ya wake, na bibi mwenyewe alikuwa anatabasamu kwa raha ya mtu aliyewahi, na maneno yakakataa kutoka.

"Usiogope tena," Mama Suzanne akasema, akimpapasa kiganja. "Motokari ni mupya. Batterie iko na garantie ya myaka munane."