Karatasi Yenye Mawese

Lucien alitoka kwa tajiri akicheka, na kicheko kile ndicho kilichomchoma Gaston. Angetoka amenuna, angemsamehe. Lakini kucheka! Na kushikana mikono miwili miwili na muzee Assani mlangoni, kama wakwe!

Gaston alikuwa amejibanza nyuma ya mikaratusi, ng'ambo ya barabara ya Nyawera, mikono yake ya uashi ikibandua magome. Alikuwa na wivu. Tusipambe maneno: alikuwa na wivu tangu darasa la kwanza, mwalimu alipowapanga kwa herufi akawakalisha benchi moja, na Lucien akatoka na mwandiko mzuri.

Mwandiko ule ulimpa Lucien kazi ya ukarani. Mwaka ule wa 1973 majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kila mtu akawa Citoyen, raia, kwa hiyo mlangoni pa ofisi yake paliandikwa kwa rangi ya kijani: Cit. Bisimwa. Suti safi ya abakosi, kalamu mbili mfukoni. Gaston alibaki Gaston. Kule mtaani kwake, Cimpunda, serikali gani ingemkataza mama mtu kumwita mwanawe?

Kitu kimoja tu Gaston alikuwa nacho na Lucien hakuwa nacho: parcelle ya Nguba, kiwanja kizuri, kikavu, kando ya barabara. Aliipata kwa miaka kumi ya kujengea watu wengine. Lakini komini, yaani serikali ya mtaa, ilikuwa imempa mpaka mwisho wa kiangazi. Asipojenga, apewe mwingine. Na pesa za saruji hakuwa nazo.

Ndiyo maana, mwezi wa kwanza, alichora plan kwenye karatasi ya daftari: vyumba sita vya kupangisha, milango yote ikitazama barabara. Muzee Assani wa Uvira, mwenye magari ya samaki, alisemekana anatafuta mahali pa kuweka feza zake Bukavu. Lucien alikuwa akisafiri kwenda huko kwa kazi. Gaston akampa karatasi ampelekee tajiri.

"Eeh, Euphrasie, angalia!" Gaston alimfokea mke wake siku ile. Euphrasie alikuwa ameikunja karatasi kwa mikono ya kupimia mawese, na alama tatu za vidole zimebaki pembeni.

"Tajiri atajua iko mutu anakula vizuri," Euphrasie alijibu, akaendelea na kazi yake.

Lucien alirudi baada ya juma moja. "Nimemutilia mu mukono, majina," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu shuleni, yaani somo yake. "Utaona."

Gaston hakuona kitu. Miezi mitatu, kimya. Kidogo kidogo akaanza kuiona karatasi yake ikielea mto Ruzizi, na Lucien, pale Luvungi njiani, akitoa karatasi nyingine mfukoni, yenye mwandiko mzuri. Hakulala tena. Chakula kikamshinda.

"Wivu itakuua mbele ya njaa," Euphrasie alimwambia. "Enda umuulize mwenyewe."

Kumuuliza? Ili amcheke?

Halafu asubuhi hii Colombe, mpishi wa nyumba ya wageni ya Nyawera, akaja mbio na habari: tajiri wa Uvira amefika, tena amekwisha kuchagua. "Anaulizaulizaka batu juu ya Citoyen Bisimwa! Njo yeye atajengewa!"

Basi Gaston akangoja Lucien apotelee kwenye kona, akavuka barabara.

Muzee Assani alimkaribisha vizuri, akamsogezea kiti. Gaston alisema yeye ni jirani tu. Jina lake alilitunza kwa kesho, atakaporudi na shati la kupiga pasi na plan mpya.

"Nimesikia unauliza habari ya Citoyen Bisimwa, muzee. Nikasema, siwezi kunyamaza."

"Unamjua?"

"Namujua kushinda mama mwenye alimuzaa."

"Basi niambie, mwanangu. Mimi ni mgeni hapa."

Lo! Donge la miaka yote likayeyuka ulimini. Alisema mtu huyo anakunywaka kasiksi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi. Alisema parcelle yoyote anayoonyesha ina matata ya ndugu, leo anakuuzia, kesho mjomba wake anakufukuza. Alisema mikono yake haijapata kumaliza kitu. Kadiri alivyosema ndivyo alivyopumua, na hata njaa ikamrudia.

"Na uaminifu?" aliuliza tajiri.

"Ule? Hata rafiki wa utoto anaweza kumuuzisha, tena akicheka."

Muzee Assani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. "Ajabu. Yule karani aliyetoka sasa hivi ameniapia kinyume kabisa."

Gaston alicheka kwa sauti. "Mutu hajisifu mwenyewe, muzee? Ataacha?"

Tajiri alimtazama kidogo, kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Kisha alitikisa kichwa, akafungua mkoba.

"Mungu amekuleta. Leo saa kumi tungetia sahihi. Sasa narudi Uvira, Bukavu imenitosha." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Wewe ni jirani yake. Mrudishie, umwambie hapana."

"Kwa roho yote, muzee!"

Alitoka nje akipiga mluzi, na alipofika chini ya mikaratusi hakuweza kuvumilia. Aliikunjua ili auone mwandiko mzuri wa Lucien.

Vyumba sita, milango yote ikitazama barabara. Pembeni, alama tatu za vidole vya mawese. Na chini kabisa, kwa herufi za Gaston mwenyewe zilizopindapinda, jina lake bila la ubatizo, kama serikali ilivyotaka: Cit. Bisimwa.