Mstari wa Limbani

"Chubwi nyingine imepotea," alisema Yamikani, akiukagua wavu wake. "Wavu utaelea kama jani. Nani humu ndani anahitaji risasi ya wavu?"

Mkewe, Atupele, hakuinua macho. Alikuwa anashona upindo wa mfuko wa kitenge, ule wa kumning'inizia mtoto kwenye mizani ya kliniki. Kila mama wa pale ziwani huenda na wake, na wa Atupele ulisifiwa kwa urembo. Kila mwezi aliuongezea utepe.

Kesho yake ilikuwa siku ya mizani. Mwezi uliopita mstari wa uzito wa mtoto wa jirani ulikuwa umeinama kwenye kadi. Yule mama alipewa pakiti za karanga za kumnenepesha mwanawe, akazificha ndani ya nguo kama mwizi. Maana mtoto akikonda, wakwe hawaulizi amekula nini. Husema baba na mama wamelalana kabla ya miezi ya kujizuia baada ya uzazi kuisha, wamevunja mwiko.

"Yule arudishwe kwao," alisema Mayamiko, wifi yake Atupele. "Mwanamke hana subira hata kidogo! Wewe wifi yangu, endelea hivyo hivyo. Siku mstari wako ukiinama, mzigo nakufungia mwenyewe."

Wakacheka. Atupele alicheka zaidi.

Jioni binti yake Tiyamike, wa darasa la saba, alikuwa na zoezi la kuoanisha mistari na habari. Mshumaa unaowaka, mstari unaoshuka. Baiskeli iliyoegeshwa, mstari uliolala. Ndoo inayojazwa kikombe kimoja kila dakika, mstari unaopanda umenyooka kama rula.

Akaitazama kadi ya mdogo wake iliyotundikwa ukutani.

"Mama, mstari wa Limbani ni wa ndoo."

"Ndoo gani tena?"

"Mwalimu anasema mtoto hakui hivyo. Leo anaharisha, kesho anaota meno, mstari unapindapinda. Ulionyooka hivi ni wa kitu kinachoongezwa kwa kipimo."

"Huyo mwalimu wako amenyonyesha wangapi?"

"Halafu Limbani ni mwepesi mgongoni, mama."

"Wewe ndiye umepata nguvu. Kaoshe vyombo."

Kliniki foleni ilikuwa ndefu, na akina mama tunaijua foleni ile, kila mmoja anachungulia kadi ya mwenzake. Limbani alikuwa kimya ndani ya sweta na kofia. Atupele akamtia mfukoni, akamtundika. Mhudumu alitazama mshale, hakumtazama mtoto. Akaweka nukta ya saba. Mstari ukapanda.

"Huyu karanga za nini?" alisema. "Mpigieni makofi mama huyu!"

Wakapiga. Mayamiko akapiga kigelegele.

Jumapili Limbani alizikwa.

Mayamiko aliapa kwamba ni kijicho cha watu. Mtoto mwenye kadi nzuri kuliko zote, atakufaje hivi hivi? Atupele alikaa kwenye mkeka.

Matanga yalipokwisha, Yamikani aliushusha ule mfuko kwenye msumari ili auweke mbali asiuone tena. Mkono wake ukavutwa chini, kana kwamba mtoto yumo. Akachukua kisu chake cha nyavu, akakata uzi wa upindo.

Zikadondoka chubwi saba, moja kwa kila nukta.