Msamaha wa Bata Mzinga

Bata mzinga aliletwa mezani akiwa hai, utepe mwekundu shingoni. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akasimama, akamsomea hati yenye muhuri, akamtangaza huru kwa jina la Mfalme. Wageni wakapiga makofi. Kisha wakaletewa mwenzake, wa kuokwa.

"Haya, Danford!" akasema Bwana Shauri. "Wasimulie ilivyoanza."

Danford, mkalimani wa boma, akafunga vifungo vya koti na kusogea mbele. Ilikuwa Krismasi ya mwaka 1947, na hiyo ilikuwa mara yake ya kumi na moja kuisimulia. Mzaha ulikwishavuka mpaka wa Tunduma. Siku hizi hata mabwana wa Rodesia walisamehe bata wao, na leo Bwana Mkubwa wa Jimbo alikuja mwenyewe kuuona. Mabwana Shauri walibadilika, mkalimani akabaki. Hadithi hiyo ndiyo iliyompa nyumba ya mabati.

Kwa Kiingereza ilimtoka yenyewe, kama sala ya chakula. Krismasi ile ya kwanza, Bwana Shauri wa wakati huo aliamka kichwa kikimuuma, akawaonya makarani: "Leo sikukuu. Atakayeniletea shauri, kesho atafute kazi nyingine." Saa sita mchana, wageni wakiwa barazani, akafika mwanamke wa Msangano aitwaye Nesta, matope hadi magotini, amempakata bata mzinga kifuani kama mtoto. Akapiga magoti mbele ya Bwana, akasema maneno mengi, akalia.

"Anataka nini?" Bwana akauliza.

Danford akatafsiri: mama huyu amesikia boma linatafuta bata wa karamu. Amemleta kwa kutii, lakini amemlea tangu yai. Anaomba asichinjwe.

Bwana alicheka hadi akasahau maumivu ya kichwa. Akaandika msamaha palepale, akaugonga muhuri.

Hapo wageni walicheka, kama walivyocheka kila mwaka. Danford akangoja watulie, akawaongezea vile vipande walivyovipenda: jinsi yule mama alivyofurahi hata miguu ikamwishia nguvu, akaketi chini ya ukuta wa gereza la boma mpaka jua likazama, jinsi furaha ilivyomchanganya, akaenda zake na kumwacha bata.

"Akamsahau!" Bwana Mkubwa akapiga meza.

"Akamsahau kabisa, Bwana."

Walimkatia Danford paja la bata, wakamwekea kwenye sahani. Akashukuru, asiliguse. Bata mzinga, alizoea kusema, humletea kiungulia.

Mwisho wa meza aliketi padre mgeni, kijana mwenye ndevu nyekundu, aliyekuwa ametumia miaka mitatu kujifunza Kinamwanga, lugha ya wenyeji. Pale mezani ni yeye tu aliyekijua. Akatoa daftari na kalamu.

"Mzee Danford," akasema kwa lugha hiyo, kwa adabu, "nakusanya maneno ya watu wa huku, yasije yakapotea. Yule mama alisemaje hasa? Nataka kama yalivyotoka kinywani mwake."

Danford akafungua mdomo. Kwa Kinamwanga hakuwahi kuisimulia hadithi ile, hata kwa mkewe. Alijaribu kumwombea bata kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo, maneno yakagoma. Yakaja mengine, na sauti ikaja nayo, nyembamba, isiyo yake:

"'Bwana, pokea ndege huyu, sina kingine. Nipe mume wangu Yonasi. Anakohoa damu humo gerezani. Niachie akafie nyumbani.'"

Kalamu ya padre ikasimama. Wageni, wakiwa tayari kucheka, wakamgeukia Danford awatafsirie.