Salamu za Kilindo

Tausi alifika kituo cha redio kuomba salamu zote ambazo marehemu mumewe, Kilindo, alimtumia hewani kwa miaka thelathini, zipangwe kwa tarehe. Rehani, mtunza kumbukumbu, alijaribu mara mbili. Kompyuta kuukuu ikaganda.

“Mama, ziko zaidi ya elfu kumi. Ili izipange lazima izibebe zote kwa pamoja, inalemewa. Ukitaka ile ya mwisho tu, haina taabu. Inazipitia huku imeshika moja.”

Kidole chake kilishafika kwenye kitufe. Tausi akamshika mkono.

“Hiyo usinifungulie, mwanangu. Haziwezi kuja hivyohivyo, zimechanganyika? Hata ya mwisho ikipita, nisijue kuwa ndiyo.”

“Zinakuja sasa hivi.”

Zikamiminika kwenye kioo cha kompyuta, kwa maandishi. Ya wodini ilifuatwa na ya uchumba, ya uchumba na ya mwaka ule wa njaa. Rehani akawa anamsomea, maana Tausi aliisahau miwani nyumbani.

“Salamu zimfikie Tausi wangu, popote alipo. Akinisikia, aitike.”

Rehani alitaka kuendelea na nyingine, lakini Tausi alikuwa ameinama, uso karibu uguse kioo.

“Abee,” akaitika, kisha akatulia kusikiliza.