Namba Isiyo na Mwenzake

Kijana alianza kujibu kabla Mathe hajamaliza kusoma swali la mtihani wa kazi.

— Namba zote zinarudia mara mbili, Chef, isipokuwa moja. Ninazipitisha zote mu hesabu ya XOR. Zenye kufanana zinafutana. Ile haina mwenzake inabaki peke yake.

Mathe aliweka kalamu chini. Maneno yaleyale! Mwaka uliopita, mu bureau hiihii ya Butembo wanamoandika programu za mita za umeme, kijana mwingine alimjibu vile, neno kwa neno, huku kidole kikichora-chora juu ya meza. Nguru, wa Mavivi, kando ya Beni. Alijibu yote. Lakini kazi Mathe akampa shemeji yake, mtu asiyejua hata pointeur, ile inayoshika adresi ya data, ni kitu gani. Nguru akapanda gari la kurudi Beni siku ileile, likapinduka kwenye mteremko, akafa palepale. Tangu hapo Mathe halali vizuri. Mke wake anafikiri ni tumbo.

Na sasa sura ileile, kidole kilekile. Fomu ilikuwa mbele yake, na hakuthubutu kuangalia jina.

— Ukifanya free, ukaachilia ile nafasi ya data, pointeur inabakia na nini?

— Na adresi ya zamani, Chef. Itaendelea kwenda kugonga ku nyumba yenye mwenyewe hayuko tena. Uiweke NULL palepale, isiwe na adresi tena, ipumzike.

Jasho likamshuka Mathe mpaka kwenye kola.

— Weye, jina yako nani?

— Ndobi.

Mathe akacheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. Ndobi! Mnande gani asiyejua majina ya kabila lake? Wakizaliwa mapasa, wawili wa mimba moja, wa kwanza ni Nguru, wa pili ni Ndobi. Kumbe alikuwa anatetemeka bure, mtu mzima na kipara chake.

— Donc weye ni mapasa ya Nguru!

— Ndiyo, Chef. Tunajifunzaka pamoja. Yeye anauliza, miye najibu.

— Ndugu yako alistahili ile kazi. Ni miye nilikosea.

— Anajua, Chef.

Mathe akaivuta fomu.

— Basi, kazi ni yako. Ungoje mu couloir, pale inje ya mlango, nimupigie mama yenu simu.

Ndivyo alivyozoea: kijana akipata kazi, mzazi asikie habari kwanza kwa mkubwa wa kazi. Namba ilikuwa kwenye fomu. Mama Kahongya akapokea, kuku wakilia nyuma yake.

— Mama mapasa, ni Mathe wa Butembo. Nilimukosea Nguru, munisamehe. Leo ile kazi nimemupa Ndobi.

Mama akawafukuza kuku, asikie vizuri.

— Ndobi gani, baba? Munanichekelea? Ndobi wangu nilimuzika akiwa na siku tatu.