Jua la Uani

Tangu jua liwe mali ya Kampuni, paneli zimefunika kila ua hapa kitongojini, na kuota jua ni wizi. Asubuhi Sechelela alimtoa mwanawe mchanga kwenye upenyo uliobaki, maana macho ya mtoto yalikuwa ya njano kama binzari.

“We mama, unaiba jua!” mlinzi alifoka.

“Aote kidogo tu, kaka yangu. Anaumwa.”

“Jana jirani yako kaanika mihogo, leo wewe unaanika mtoto? Balbu si mmepewa bure?”

Sechelela akaingia ndani, akamlaza mtoto chini ya balbu.

“Macho yamekuwa meupe?” aliuliza mama mkwe.

Sechelela akayatazama, akatazama shuka, akatazama na viganja vyake. Chini ya mwanga ule, vyote vilikuwa vya njano.

“Sijui, mama,” akajibu.